Hodi ya Bwawani

Samaki wa Akida Athuman waliacha kula siku ile upepo ulipoacha kuvuma Ipagala. Sikudhani, mkewe, alimwaga pumba juu ya vizimba vya fito vilivyozamishwa bwawani, akangoja maji yachemke kwa midomo ya perege. Wapi! Samaki wote, kizimba hiki na kile, walikuwa wametulia tuli, vichwa vimeelekea nyumba ya akida.

Kisha ikaja harufu ya ng'ombe. Ng'ombe gani, na mifugo ya Wagogo karibu yote imekufa kwa kiu nje ya ua wa bwawa?

Watu walinywesha bwawani pale tangu enzi za mababu. Athuman alilizungushia ua wa miiba apate kumfugia Mjerumani wa bomani samaki, akaweka na amri: hanywi mtu wala mnyama mpaka apige hodi langoni, na akida mwenyewe aitike karibu. Kiangazi kilipokaza, Mzee Chibago alikuja na ndama wake wa mwisho, akapiga hodi. Athuman alikuwa barazani anakula perege. Alimziba mkewe mdomo kwa kiganja chenye mafuta, akanong'ona, "Nyamaza. Atachoka."

Mzee aliita mpaka sauti ikamkauka, ndipo akaingia. Kwa kosa la kuingia bila kukaribishwa akachapwa viboko hamsa ishirini, akafa ulimi nje, maji anayaona.

"Nitapiga hodi tena," ndilo neno lake la mwisho. Athuman alicheka. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini nani wa kumwambia akida?

Sasa, jua likiwa la utosi, Sikudhani alisikia sauti kavu ikitoka chini ya maji: "Hodi."

Akaitwa Mwalimu Shaaban kutoka Kondoa. Akafukiza ubani kando ya bwawa; moshi ukakataa kupanda, ukatambaa chini kuelekea nyumbani. Mwalimu akafunga kitabu chake.

"Huyu si pepo wa kupungwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ana haki yake. Bomoeni ua, watu wanyweshe, atapoa. Hamtaki, basi asiitikiwe. Neno karibu lisitoke humu."

"Bwana, tubomoe," Sikudhani alinong'ona. "Nakuomba. Atakuua."

"Na bwana mkubwa nimwambie nini? Kufunga mdomo tu, hiyo kazi naiweza."

Basi hodi ikahama bwawani ikaja langoni, ikatoka langoni ikaja uani, kila adhuhuri karibu zaidi, na nyuma yake kengele ya ndama, na harufu ya ngozi mbichi iliyoingia kwenye chakula na kwenye nguo na kwenye nywele, hata Sikudhani akawa anakaa ameuma upande wa kanga ili ulimi usimponyoke, huku mumewe akitoa macho mlangoni.

Siku moja sauti ikaja nyingine, ya kiaskari: "Hodi, Bwana Akida! Salamu kutoka bomani!"

Athuman akaruka, akavaa kofia. Mdomo uliozoea kunyenyekea hauna kufuli.

"Karibu! Karibu ndani!"

Mlango ukafunguka. Hapakuwa na mtu. Alama za kwato zikajichora sakafuni, mbichi, zikaja mpaka miguuni pake.

"Maji, mke wangu," alisema, ameshika koo. Akamaliza mtungi, akamaliza ndoo, na midomo inazidi kupasuka. Akatimka hadi bwawani, akapiga magoti, na kila alipoinama maji yakajivuta nyuma, naye akayafuata kwa kutambaa, huku mkewe akimshika nguo na nguo ikimchoropoka, akayafuata mpaka ndani ya kizimba, na kifuniko kikajifunga juu yake.

Walipomtoa alikuwa mkavu, ulimi nje. Hata kofia haikulowa.

Sikudhani aliung'oa ua kwa mikono yake, akawaachia samaki. Wagogo waliobakiwa na mifugo wakaja kunywesha, na ile harufu ikakoma.

Lakini adhuhuri akiwa barazani anakula, husikia sauti bwawani, imekauka, anayoijua vizuri.

"Hodi. Sikudhani, mke wangu. Hodi."

Mwanzoni alilia. Siku hizi huhisi tu mafuta ya kiganja kile midomoni mwake, akajipangusa, akamega tonge jingine.

"Nyamaza," hujiambia. "Atachoka."