Makofi Mawili Mgongoni

Siku fundi bomba alipoingia sokoni na koti lililochanika kwapani, fundi cherehani alikuwa na foleni ya watu sita na mdomo umejaa pini. Koti lenyewe jeupe, zito kama turubai.

"Hili limefanywa nini?"

"Jujitsu, dada, mieleka ya kukabana chini. Jitu la kilo mia lilinikandamiza kifuani."

Akazitoa pini mdomoni moja moja. "Ukatokaje?"

Aliuliza kama mtu aliyepotea anavyoulizia njia, na jamaa akasahau haraka aliyokuja nayo. Akamweleza palepale: husukumi uzito juu, utaishiwa pumzi bure. Unageukia ubavu, unaingiza kiwiko, unahamisha kiuno, hapo goti linapata nafasi.

"Nifundishe," mwanamke akasema.

Basi mapenzi yao yakaanzia hapo, katika ukumbi wa mazoezi juu ya duka la rangi. Mwanamke alijishonea koti lake mwenyewe, maua kwa ndani. Jamaa anamkandamiza, yeye anahangaika, anachomoka. Baadaye simu inaita.

"Laazizi, mbavu zinasemaje?"

"Zinakutukana."

"Ziambie nazipenda."

Lakini mwenzake akipiga makofi mawili, ambayo mkekani maana yake ni nimeshindwa, niachie, mwanamke huyu anatoka nje kunywa maji, na kurudi kwake ni majaliwa. Jamaa aliliona hilo. Aliona pia anavyotetemeka akiwa chini. Akadhani ni woga wa uzito, na kwa huruma yake akafanya kosa.

Kosa lilifichuka siku mwalimu wa chekechea, kimwana mwembamba, alipomkandamiza fundi cherehani, naye akashindwa hata kugeuka. Fundi cherehani hakungoja hata kufika nyumbani, akampigia jamaa simu.

"Ulikuwa unajishikilia kwa magoti, uzito hunipi."

"Mpenzi, ulikuwa unatetemeka. Ningefanyaje?"

"Ungenikandamiza. Miezi mitano unanidanganya kwamba natoka."

Akakata. Siku kumi na moja simu iliita haikupokelewa. Ya kumi na mbili jamaa akaja sokoni, akakaa kwenye benchi la wateja. Mwanamke akashona pindo zima kabla ya kufungua kinywa, macho kwenye kitambaa.

"Nilikuwa na mdogo wangu. Ukuta wa jirani ulituangukia. Yeye chini, mimi juu yake, ukuta juu yetu. Akanipiga makofi mawili mgongoni, niinuke. Sikuweza. Akapiga tena mawili. Kisha basi."

Cherehani ikanyamaza.

"Miaka minne sasa nayasikia. Nikikaa hapa yanakuja, mawili, polepole, nageuka kuangalia ni nani. Sitaki kuonewa huruma. Nataka uzito wote."

Jumamosi asubuhi ukumbi ulikuwa mtupu. Jamaa akamlalia kifuani, mwili mzima, hakubakiza. Mwanamke akasikia vumbi la ule ukuta puani. Akasukuma juu. Uzito haukutikisika.

"Usisukume juu," jamaa akamnong'oneza sikioni. "Ubavu, mama."

Ubavu. Kiwiko. Kiuno kikasogea kidogo, kikasogea tena. Goti likapenya, hewa ikaingia, akapinduka na kujikuta yeye ndiye yuko juu, kifua kwa kifua, analia, uzito wake wote juu ya jamaa. Jamaa alikuwa haoni pa kuvutia pumzi. Mkono wake ukapanda, ukabaki hewani, usithubutu kumgusa mgongo.

"Piga," mwanamke akasema.

Akapiga. Makofi mawili.

Mwanamke akainuka. Akakaa kwa magoti, anahema, anaitazama mikono yake. Kisha akamlalia tena.

"Mdogo wangu alipiga mara mbili. Na wewe piga tena."

Jamaa akapiga. Mwanamke akainuka.

"Tutafanya hivi mpaka lini?" fundi bomba akauliza, machozi yamemlowesha masikio.

"Mpaka tuzeeke. Au huna nafasi?"

"Ninayo."

Wameoana sasa. Makofi hayajaisha, bado yanakuja pale sokoni, mawili, polepole. Yakija, mwanamke anainuka kitini, anasimama kidogo, anakaa, anaendelea na pindo. Wateja wameshazoea.