Vidole vya Bibi Gaudiosa

Kila alipotoka shuleni, Kokuhirwa alivua sare, akala ndizi, kisha akaenda barazani kumsaidia bibi yake kazi. Bibi Gaudiosa alikuwa fundi cherehani aliyejulikana Buganguzi nzima, hasa kwa suruali za kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka kama matuta madogo.

Siku hizi Bibi hakukitazama kitambaa. Alikipapasa. Kidole gumba kilifuata tuta moja kutoka kiunoni hadi chini, na mkasi ukaja nyuma yake bila kupinda. Kokuhirwa alimtilia uzi kwenye sindano na kumtajia rangi.

"Bibi, macho yako yana ukungu katikati," alisema siku moja.

"Uzee tu, mjukuu wangu. Usimwambie baba yako. Atanikataza kushona."

Kokuhirwa akaahidi.

Komunyo ya Kwanza ilipokaribia, jirani yao Joviana alileta satini nyeupe ya gauni la binti yake. Bibi aliipapasa huku na huku. Ilikuwa laini kote, haina tuta hata moja la kuongoza vidole. Alipoanza kushona, kitambaa kiliteleza, mkono ukakifuata, sindano ikamchoma kidole hadi ndani. Damu ikadondokea satini.

"Nifunge haraka," Bibi alinong'ona. "Tutasema nilijikata kwa kisu."

Kokuhirwa alimfunga kidole. Kisha akakimbia hadi shambani, baba yake Mutalemwa alikokuwa akipalilia kahawa, akamweleza yote huku akilia.

Jioni ile Bibi hakumsemesha. Kokuhirwa alilala akijiona msaliti.

Baba alinunua satini nyingine, fundi mwingine akashona gauni. Bibi akapelekwa hospitali Bukoba. Daktari alikuta mtoto wa jicho, akamfanyia upasuaji.

Siku bandeji zilipotolewa, Kokuhirwa alisimama mlangoni, akiogopa kusogea.

"Njoo hapa," Bibi alimwita. "Nilikukasirikia bure. Daktari anasema tungechelewa zaidi, ningepofuka. Ahadi ile sikupaswa kukuomba. Mtu akikuambia umfichie ugonjwa, hata akiwa mkubwa, hata akiwa mimi, nenda ukamwambie anayeweza kumsaidia. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Bibi alimshika mashavu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Na hili kovu la kidevuni umelipata wapi?"

"Nilianguka, Bibi. Mwaka jana."