Mfalme Aliyemnyamazisha Mtoto

Mtoto alinyamaza ghafla mno, na hapo ndipo Blandina alipoingiwa na hofu.

Jamani, si alikuwa amelia wiki nzima! Majirani pale Edmonton, huko ughaibuni kwenye baridi, walishagonga ukuta mpaka wakachoka. Mama mkwe, Generosa, aliyetoka Bukoba kuja kumtunza mzazi, alisema mtoto anadai jina. Wakamtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, maana likitajwa jina analolitaka atanyamaza. Wapi! Ndipo Telesphor, mume wa Blandina, akiwa mezani na kazi yake ya chuo, akajisomea kwa sauti: "Koan, mfalme wa sita wa Japani."

Kimya.

"Nani huyo?" Generosa alinong'ona.

"Mfalme wa kale, mama. Wanasema alitawala zaidi ya miaka mia. Ila wanahistoria wengi hawaamini kama aliishi kweli. Limebaki jina na kaburi, matendo hakuna."

"Toba! Jina lisilo na mtu, na wewe unalitaja mbele ya mtoto asiye na jina?"

Tangu hapo mtoto hakulia, wala hakunyonya. Alikodoa macho tu, macho ya mtu mzima aliyechoka kusubiri. Daktari hakuona ugonjwa. Na kila alasiri, giza la mapema la Desemba ya huko likishaingia, chumba kilinuka udongo mbichi, na viatu vya mbao vikasikika ngazini, ko, ko, ko, vikipanda pasipo mtu, vikipenya mlango uliofungwa, vikija kusimama kando ya kitanda cha mtoto.

"Mwanangu anakufa, Teli," alisema.

"Mgeni mkubwa hafukuzwi, husindikizwa," Generosa akasema. "Mwambie huyo mfalme anachotaka kusikia, kwamba aliishi, halafu tumtoe."

Telesphor alisita. Msomi ni msomi. "Lakini mama, ushahidi kwamba aliishi haupo."

Hapo hapo kifua cha mtoto kikaacha kupanda.

"Sema aliishi!" Blandina alipiga kelele. "Sema, mwanaume wewe!"

"Uliishi," Telesphor akasema huku analia. "Uliishi, mfalme. Tuachie mwana wetu."

Kifua kikapanda. Generosa akafungua mlango. Viatu vikapita ubavuni mwao, vikashuka ngazi polepole na harufu yake ya udongo, na mtoto akaangua kilio, kilio kizuri cha njaa, akalivamia titi. Blandina alicheka, machozi yakimtiririka. Alisimama mlangoni na mwanawe kifuani, moyo umejaa furaha, na mdomo wake uliofunzwa adabu tangu utotoni ukasema kile anachoambiwa kila mgeni anayeondoka.

"Haya, karibu tena."

Generosa alimziba mdomo, lakini maji yalishamwagika. Chini kule viatu vilikuwa vimesimama. Kisha vikaanza kupanda, ko, ko, ko, na mtoto akaliachia titi, akanyamaza.