Walimpumzisha Mwanangu Mpaka Akanisahau

Nina miaka thelathini na mbili, nauza nyanya barabarani hapa Ilula. Mtoto wangu ni mmoja tu, Faraja, ana miaka minane na ana usonji. Haongei. Wasomaji wenzangu, sina hata mtu wa kuniambia pole, ndiyo maana nawaandikia ninyi...

Zamani Faraja alikuwa akijing'ata mikono na kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Mtaalamu wa mazoezi tiba kule Iringa mjini akanieleza kwamba mazoezi hayaondoi usonji, ila yanaweza kumtuliza: akimbie, aruke, asukume vitu vyenye uzito kidogo. Basi kila asubuhi tukawa tunapanda kilima nyuma ya nyumba, tukirudi nyumbani anasukuma tenga dogo la nyanya hadi barabarani ninapouzia. Weh! Mtoto akaanza kulala. Akaanza kunishika mkono mwenyewe, yeye ambaye hakutaka kuguswa!

Majirani wakanisema, eti namtumikisha mgonjwa. Maneno yakafika Nyololo kwa mama mkwe, na kwake yeye mgonjwa hupumzishwa, basi.

Siku moja narudi kutoka sokoni, Faraja hayupo! Mume wangu kampeleka kwa mama yake bila kuniambia. Nililia, akasema nitazoea. Ningemshtakia nani, wakati hata ndugu zangu walikuwa upande wake? Nikawa napanda kile kilima peke yangu kama chizi...

Miezi ikapita; tulipomaliza kuvuna mahindi nikamfuata Nyololo. Nilimkuta jikoni kando ya moto, kafunikwa blanketi, kanenepa, mikono imejaa vidonda vya meno. Bibi yake alikuwa anamlisha kwa mkono, hamruhusu hata kutoka uani. Alimpenda, siwezi kukataa. Nikamwita mwanangu... hakugeuka. Jamani, hakugeuka!

Nikampigia mume wangu simu. Akasema, "Ukimtoa hapo, kwangu usirudi."

Nikamtoa.

Sasa tumepanga chumba hapa hapa Ilula, karibu na kilima kile, tuko wawili tu. Ndugu hawapigi simu, majirani wananipita kimya. Wazazi wenzangu, nawasihi, huruma ya kumkalisha mtoto isiwadanganye! Mwacheni akimbie, mwacheni acheze. Na usikubali mtu akuamulie juu ya mwanao ukiwa haupo.

Leo asubuhi kilimani nimemnyooshea tena mkono. Hakuushika. Amenipita, akakimbia mbele... Angalau amekimbia.