Penseli ya Binti Mkononi mwa Baba

Wazazi wenzangu, nipeni masikio kidogo, kisha mrudi kwenye shughuli zenu. Haya yametokea kwa majirani zangu wa mlango wa pili, watu wema wasio na ugomvi na mtu. Baba mwenye nyumba amenipa ruhusa. Aliniambia, "Simulia tu, ila usinifanye mjinga sana." Nitajitahidi.

Jumapili moja mchana nilikwenda kwao kuazima pasi. Nyumba ilikuwa imetulia. Mama alikuwa anakunja nguo zilizokauka, na binti yao, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kwenye chuo cha usanifu wa michoro, alikuwa ameinama mezani na penseli yake. Baba, ambaye kazi yake ni kuandika mabango ya maduka, alipita nyuma ya kiti cha binti, akakohoa. Akapita tena, akaguna. Aliporudi mara ya tatu alivuta kiti.

"Sogea kidogo, mwanangu, nikuonyeshe kitu."

Binti akasogea. Penseli ikahamia kwa baba, na haikurudi.

"Mume wangu," mama akasema bila kuinua macho, "huo mtihani ni wako au wa mtoto?"

"Namsaidia."

Binti aliinuka taratibu, akaja kutusaidia kukunja mashuka.

Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa nyumba ile, na wala haukutokana na roho mbaya. Baba alimpenda bintiye kupita kiasi. Tangu shule ya msingi ramani alichora yeye, maua alichora yeye, na chuoni mambo yakawa yale yale. Binti akipongezwa, baba anavimba kichwa kwa wiki nzima. Lakini aliponisindikiza mlangoni siku ile, msichana aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama jirani, watu wananisifu kila muhula, na mimi mwenyewe sijui kama naweza chochote."

Nilirudi kwangu na pasi, moyo mzito.

Kazi aliyokuwa akiifanya haikuwa ya mchezo. Kampuni moja ya usanifu na matangazo ilikuwa imewapa wanafunzi zoezi: wachore alama za milangoni kwa ajili ya hospitali ya watoto, ili hata mtoto asiyejua kusoma aufahamu mlango anaoutaka. Wangetembelea kampuni hiyo, michoro ingetazamwa, na mwanafunzi mmoja angepewa nafasi ya kujifunza kazi pale baada ya chuo. Binti aliitamani nafasi hiyo mpaka hamu ya kula ikamwisha.

Wazazi nasi tulialikwa kwenye ziara, maana wengi wetu tulikuwa hatuishi kuuliza watoto watakula nini na hayo marangi. Mimi nilikwenda kwa sababu mwanangu wa kiume anasoma darasa hilo hilo.

Tulipokelewa na mkuu wa wasanifu, mama wa makamo mwenye miwani juu ya paji la uso. Alitupitisha chumba kwa chumba. Kwanza tuliwakuta vijana wawili wakiangusha maboksi ya sabuni sakafuni, moja baada ya jingine, waone lipi litapasuka. Chumba kilichofuata alikuwepo bwana ambaye kazi yake, kutwa nzima, ni kuunda maumbo ya herufi. Alikuwa ameikazia macho herufi moja, akiipunguza tumbo.

"Na kwao wanajua anafanya kazi gani?" akauliza jirani yangu, baba wa binti.

"Mama yake anaamini anatengeneza kompyuta," mkuu akajibu, na bwana wa herufi akacheka pamoja nasi.

Mwisho tukaingia ukumbini. Ukuta mmoja wote ulikuwa wa kubandikia michoro.

"Hapa kwetu kuna sheria moja," mkuu akasema. "Kazi ikishabandikwa, aliyeichora ananyamaza. Sisi tunasema tunachokiona. Kule hospitalini hatakuwepo mlangoni kumweleza kila mtoto alikuwa na maana gani."

Michoro kadhaa ilipita, ukafika wa binti, alama ya mlango wa choo. Kusema kweli ulikuwa mzuri wa kutundikwa sebuleni: kijito, majani, na bata aliyetiwa kivuli unyoya kwa unyoya.

"Naona bustani," akasema msanifu mmoja.

"Mimi naona mahali pa kunywa maji," akasema mwingine.

"Wanauza bata," akasema mwanangu, na ukumbi ukacheka.

Jirani yangu alikuwa ameanza kuhangaika kitini. Nilimgusa mguu, akajitia hamnazo. Ulimi ukamponyoka.

"Jamani, mtoto akiona maji yanatiririka si atakumbuka haja yake? Na huyo bata nilimgeuza mgongo makusudi, kwa heshima."

Mkuu alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso.

"Mzee, nani kachora?"

Jirani yangu akageuka kumtazama binti yake. Uso ulimshuka mpaka nikamwonea huruma. Binti ndiye aliyesimama.

"Amechora baba. Na kazi zangu nyingi za nyuma ni zake pia."

"Kosa ni langu," baba akasema haraka. "Mtoto hana hatia."

"Anayo kidogo," mkuu akasema, bila ukali. "Alikubali." Akaubandua mchoro, akamrudishia mwenyewe bata wake. "Siwezi kumpokea mtu ambaye kazi yake sijaiona."

Msichana akapiga moyo konde.

"Naomba karatasi. Nichore sasa hivi, nanyi mkinywa chai."

Akapewa. Akakaa peke yake kwenye meza ya pembeni. Baba yake, kwa mazoea, akainuka kumfuata. Nilimkamata koti.

"Jirani, kaa."

"Anaishika penseli vibaya."

"Ni mkono wake. Kaa."

Akakaa, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Chai ilipokwisha, karatasi ikapanda ukutani. Hapakuwa na bata wala kijito. Alikuwepo mtoto mmoja tu, magoti ameyabana, mguu mmoja juu, uso umekunjamana kwa dhiki.

"Huyo apishwe," akasema bwana wa herufi.

Tulicheka mpaka chai ya watu ikamwagika. Hakuna aliyeuliza ule ni mlango gani.

Mkuu hakumpaka mafuta. Alisema kichwa ni kikubwa mno, mistari inayumba, na mkono wa kushoto una vidole sita. "Lakini hospitali nzima hakuna mtoto atakayeukosa mlango huu," akamaliza. "Haya, mchoraji, ruksa kusema."

"Vidole nitavirekebisha," binti akasema. "Mwenyewe."

"Utavirekebishia hapa. Chuo kikifungwa, njoo uanze kazi."

Msichana akafunika uso kwa mikono miwili. Mkuu akamgeukia baba. "Na wewe, mzee, sasa unaweza kusema."

Jirani yangu aliondoa kiganja mdomoni. Macho yalikuwa yamejaa machozi, naye anacheka.

"Miaka yote hii," akasema, "sijawahi kumwona akichora."

FUNZO

Wazazi, tuwasaidie watoto wetu, lakini tusiwanyang'anye kazi zao. Mtoto anayefanyiwa kila kitu hupata maksi nzuri na moyo wa woga. Kazi mbovu aliyoifanya mwenyewe ana pa kuanzia kuirekebisha. Kazi nzuri uliyomfanyia wewe haimfundishi kitu. Na nyie vijana, msipokee sifa za kazi isiyo yenu, mtazeeka bila kujua mnaweza nini.

Najua kujizuia ni kugumu. Jirani yangu naye bado anapata shida. Siku hizi binti akishika penseli tu, baba anatoka nje kuosha baiskeli, na mtaa mzima hakuna baiskeli safi kama yake.