Jina la Mwau Katika Kitabu cha Mazishi

Wiki hiyo sufuria ya chai haikutoka motoni katika boma la Kaveke, juu kidogo ya soko la Nunguni. Kaveke alikuwa amefariki siku ya Ijumaa, akiwa na miaka themanini na mmoja. Mazishi yalipangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kila siku watu walikuja. Wengine walileta kuni, wengine sukari, wengine maneno tu ya kufariji. Wanawake walikata kabeji ndani ya beseni kubwa la bluu. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, ukisimama jikoni huoni zizi la ng'ombe.

Mwongeli ndiye aliyekuwa jikoni tangu alfajiri. Yeye ni mke wa Mwau, mtoto wa tatu wa Kaveke. Mwau alikufa miaka sita iliyopita. Mwongeli alibaki hapo hapo na watoto wake watatu, akilima na kumtunza mama mkwe. Miaka miwili ya mwisho alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamkata kucha.

Nje ya jikoni, kwenye kigoda, alikaa Nzisa, binti wa mwisho wa Kaveke. Nzisa alipewa kazi moja tu: kuandika kitabu cha mazishi.

Pengine kwenu mnakiita programu. Ni kile kitabu kidogo chenye picha ya marehemu juu, na ndani kuna historia yake na majina ya watoto wake. Ngoja nikueleze kwa nini watu hukiangalia sana. Anayeongoza mazishi hukishika mkononi. Huita watu kuweka mashada ya maua kwa kufuata majina yaliyoandikwa humo. Baadaye kitabu huwekwa ndani ya sanduku la nyumbani, pamoja na karatasi za shamba. Miaka ikipita, mtu akitaka kujua boma hili lilikuwa la akina nani, hukifungua akasoma.

Ndugu za Nzisa walimtumia maneno kwenye WhatsApp, katika kikundi cha familia. Kivuva, kaka mkubwa, alituma majina ya watoto wote. Muthama, wa pili, alituma habari za mama na kanisa.

Nzisa alifanya hivi. Alisoma ujumbe kwenye simu. Aliuandika kwa kalamu kwenye daftari. Kisha alitoa maneno kwenye daftari, akayaandika tena kwa simu, herufi moja moja, ili amtumie mwenye duka la kuchapisha. Alianza saa nne asubuhi. Saa tisa bado alikuwa anaandika. Kidole gumba kilimuuma, na kila mgeni alipofika ilibidi asimame amsalimie.

"Bado tu?" Mwongeli alimuuliza, akimpa kikombe cha chai.

"Karibu nimalize, Mama Kyule. Macho yananiwasha."

Kyule ni mtoto wa mwisho wa Mwongeli. Ndiyo sababu wanamwita hivyo.

Alhamisi, Nzisa alirudi kutoka sokoni na kitabu kimoja cha kujaribu. Familia ilikaa kwenye viti uani ili kisomwe mbele ya wote. Kivuva alivaa miwani, akasoma polepole. Alipofika kwenye majina aliinuka kitini.

"Mama yetu ameacha watoto hawa. Kivuva, mkewe Ndululu, na watoto watano. Muthama, mkewe Mbithe, na watoto watatu. Nzisa na mumewe Kitheka, na watoto wanne."

Akarudia kwa macho. Watu wote wakatazama chini.

Mwongeli aliinuka. Hakulia. Alikusanya vikombe vilivyokuwa karibu naye, akavipanga ndani ya sinia, kimoja kimoja.

"Nimesikia," alisema. Akaingia ndani.

"Nani aliandika hivi?" Kivuva akauliza.

"Ni mimi," Nzisa akajibu. "Sijui jina la Mwau lilipotelea wapi."

"Mtu mzima na mke wake na watoto watatu wanapotea kama sindano?"

Nzisa alimfuata Mwongeli jikoni. Alimkuta akisugua sufuria ambayo ilikuwa tayari safi.

"Mama Kyule, nilichoka. Ni makosa ya kuandika."

"Sawa."

"Usiniambie sawa hivyo."

"Unataka niseme nini?" Mwongeli aliweka sufuria chini. "Kuchoka nakujua. Lakini mkono wako ulichoka kwa jina la Mwau peke yake? La Muthama haukuchoka. Lako haukuchoka. Nzisa, mimi sina mume wa kuniongelea. Jumamosi wataita watoto wa mama waweke maua, mimi na hawa wangu tutasimama na wageni. Mwaka ujao mtu atauliza, kwani huyu analima hapa kama nani? Mtamfungulia kitabu. Atakuta hatumo."

Nzisa alikaa juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa. Mwishowe akasema, "Kesho asubuhi twende wote kwa Fahima. Usiniamini mimi. Uone kwa macho yako."

Fahima ndiye mwenye duka la kuchapisha hapo sokoni. Kwao ni Kitui mjini. Ana mashine mbili na kompyuta moja, na kitambaa kidogo cha kupangusa vumbi ambacho hakitoki mkononi. Ijumaa saa mbili walikuwa mlangoni pake. Nzisa alimweleza yote, hata maneno ya jikoni.

"Nionyeshe ujumbe wa kwanza kabisa," Fahima akasema. "Ule kaka yako alituma."

Nzisa akautafuta. Fahima akauweka mbele ya Mwongeli. "Mama, wewe soma."

Mwongeli alisoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata maneno. "Muthama, mkewe Mbithe, na watoto watatu. Marehemu Mwau, mkewe Mwongeli, na watoto watatu." Akaishia hapo. "Kumbe tulikuwa hapa."

"Mlikuwa hapo," Fahima akasema. "Sasa angalia vizuri. Mstari wa Muthama unaisha vipi?"

"Na watoto watatu."

"Na wa Mwau?"

"Na watoto watatu."

"Basi. Nzisa aliandika wa Muthama, akainua macho kumsalimia mgeni. Aliporudi, macho yakatafuta yale maneno, watoto watatu. Yakakamata ya chini. Akaendelea na jina lake. Mimi huona hivi kila wiki hapa. Mtu akinakili kwa mkono, macho huruka. Na wewe umenakili mara mbili, daftarini na kwenye simu."

Mwongeli alimgeukia Nzisa. "Ni mimi niliyekuletea chai," akasema. "Pengine ni mimi niliyekurusha macho."

"Sasa mnataka kulaumiana upya," Fahima akasema. "Kaeni. Kuna njia ambayo macho hayawezi kuruka. Mama, shika simu ya Nzisa."

"Mimi yangu ni ya vibonyezo. Hii nitaivunja."

"Haivunjiki kwa kidole. Weka kidole juu ya ujumbe wa Kivuva. Usiondoe. Usisukume. Kiache kikae tu."

Mwongeli aliweka kidole na kukiondoa haraka, kama anayegusa sufuria ya moto. Hakuna kilichotokea.

"Umekiondoa mapema. Tena. Hesabu moja, mbili, tatu."

Mara hii ujumbe wote ulibadilika rangi. Juu ya kioo zikatokea alama ndogo ndogo.

"Tafuta alama ya karatasi mbili zilizolaliana. Umeiona? Simu nyingine hazionyeshi alama, zinaandika neno. Kwa Kiswahili ni Nakili. Kwa Kiingereza ni Copy. Gusa mara moja."

Mwongeli akagusa. "Haikufanya kitu."

"Imefanya. Imeyachukua maneno yote na kuyaweka mahali usipopaona. Yale ya kwanza bado yapo palepale, hayajapungua. Sasa Nzisa atatufungulia ukurasa wa kuandika ujumbe kwangu. Haya, weka kidole pale panapoandikwa. Ukiache vilevile."

Kikatokea kijisanduku kidogo. "Kimeandikwa Paste," Nzisa akasema. "Si ndiyo?"

"Ndiyo. Kwa simu ya Kiswahili ni Bandika. Mama, gusa."

Maneno yote ya Kivuva yakatokea kwa mara moja, mstari kwa mstari. Mwongeli alishuka na kidole mpaka akafika kwa Mwau. Alikiacha kidole hapo kidogo.

"Si angekutumia tu ule ujumbe ulivyo?" aliuliza.

"Angeweza kuupeleka mbele, ndiyo. Lakini kila mmoja ungekuja peke yake, na mimi singejua upi unatangulia. Akibandika huu, akarudi akanakili wa Muthama, akaubandika chini yake, ninapata historia yote ikiwa imepangwa. Na mtu mwenye simu kama yako, asiye na WhatsApp, unaweza kumbandikia maneno yaleyale kwa ujumbe wa kawaida. Na kama unataka mstari mmoja tu, sio wote, bandika wote kwanza, kisha shika neno moja hapo ulipobandika. Litapakwa rangi, na pande zote mbili kuna kitu kama tone la maji. Vuta tone la mwisho mpaka pale unapotaka. Kisha nakili."

Walijaribu tena na tena. Fahima alipanga karatasi kwenye mashine, akawaacha. Mwongeli alinakili ujumbe wa Muthama. Kabla ya kuubandika, alijizoeza kidogo kwa kunakili ujumbe mwingine uliokuwa kwenye simu, wa mpishi. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa Fahima na kubandika. Nzisa akasoma kwa sauti, kuanzia mwisho wa ujumbe wa Kivuva.

"Mama aliwapenda watoto wake wote. Kabeji ishirini, vitunguu nusu gunia, na chumvi pakiti sita."

Walitazamana. Nzisa ndiye aliyeanza kucheka, halafu Mwongeli, mpaka akashika ukingo wa meza. Tangu mama afe hakuwa amecheka.

"Simu hukumbuka cha mwisho ulichonakili," Fahima akawaambia. "Ukinakili kipya, kile cha zamani kimeondoka mkononi. Kwa hiyo nakili, bandika, ndipo uende kwa kingine. Na kila ukibandika, soma."

Walifuta maneno ya mpishi, wakanakili ya Muthama upya na kuyabandika. Waliposoma tena, Mwongeli alipata jambo. "Hapa Muthama amesema mama aliokoka mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na saba. Sio kweli. Nilipoolewa, mama alikuwa tayari anaongoza maombi ya akina mama, na ilikuwa kabla ya huo mwaka."

Walimpigia Muthama. Ilikuwa sabini na tisa. Alikuwa amegeuza tarakimu.

"Umeona," Fahima akasema. "Kunakili hakurekebishi. Ukinakili kosa, unabandika kosa, tena zuri kabisa."

Mwisho Fahima alimketisha Mwongeli mbele ya kompyuta. Ujumbe ulikuwa umefika hapo, na kitabu cha zamani kilikuwa wazi pembeni yake.

"Mstari wa bwana yako utauweka wewe. Shika kipanya. Peleka mshale mwanzo wa neno Marehemu. Bonyeza kitufe cha kushoto, ushikilie, uvute mpaka mwisho. Vizuri. Maneno yamepakwa rangi. Sasa kwenye kibodi, chini kabisa upande wa kushoto, kuna kitufe kimeandikwa Ctrl. Kishike. Kikiwa bado chini, gusa herufi C. Umenakili. Nenda kwenye kitabu, bofya chini ya Muthama. Shika Ctrl tena, gusa V."

Mwongeli alitafuta V. Alipoigusa, mistari ya chini ilisogea, ikaacha nafasi, na jina la Mwau likaingia kati ya ndugu zake.

Fahima akachukua kitambaa chake, akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

Jumamosi, ukungu ulipoisha, kiongozi wa mazishi alifungua kitabu na kuita. Aliita nyumba ya Kivuva. Akaita nyumba ya Muthama. Kisha akasoma, "Nyumba ya marehemu Mwau. Mwongeli na watoto." Walitoka wote wanne, wakaweka shada lao, Kyule akiwa mbele. Nzisa na wake wakafuata.

Jumatatu asubuhi viti vya kukodi vilikuwa vimerudishwa. Mwongeli alikuwa akiosha beseni la bluu, Kivuva akaja mpaka mlangoni pa jikoni na simu yake. Alisimama kama mtu anayetaka kuomba chumvi.

"Mama Kyule, Nzisa anasema wewe unajua."

"Najua nini, shemeji?"

"Nimeandika shukrani kwa watu waliokuja. Ni karibu watu sitini, na wengi simu zao ni za vibonyezo. Siwezi kuandika mara sitini."

Mwongeli alikausha mikono kwa leso. Alimvutia kigoda, naye akakaa kwenye kingine. Kivuva aliweka kidole juu ya maneno, akakiondoa.

"Umekiondoa mapema," Mwongeli akasema. "Lakini ngoja. Hatunakili kabla ya kusoma."

Akachukua simu, akasoma yote kwa sauti, bila haraka, kutoka salamu mpaka chini. Mwishoni paliandikwa: Ni sisi familia ya marehemu Kaveke. Kivuva. Muthama. Mwongeli wa Mwau. Nzisa.

Alisoma majina hayo mara mbili.

"Yako sawa," akasema, akamrudishia simu. "Haya, weka kidole. Kiache kikae."