Chura Wangu Katekista na Panga la Afande Ojara

Mimi Teopista wa Bwera siogopi damu. Nimezalisha wanawake kwenye mashamba ya kahawa, nimechinja mbuzi nikiwa na mimba kubwa, na maiti ya mume wangu niliiosha mwenyewe.

Lakini siku nilipokuta panga juu ya shingo ya shemeji yangu... mkojo ulinishuka mpaka kwenye kandambili!

Haya, chekeni mumalize. Niendelee.

"Lala chini!"

"Afande, unaniua bure!"

"Lala, nasema!"

Buti likamshukia mgongoni. Shemeji Blasio akatema jino, likaanguka vumbini na damu yake.

Uani kwangu palijaa watu. Wengine walishika mawe. Mama mmoja alikuja na mwiko wa ugali, sijui alitaka kumpika.

"Ua! Mushenzi huyo! Ua!"

Aliyeshika panga ni Ojara, askari jeshi, Mwacholi mrefu kama nguzo ya stima. Yeye na mke wake Robinah ni wapangaji wangu wa chumba cha nyuma. Aliyelala chini ni Blasio, mdogo wa marehemu mume wangu, muuza chumvi ya Kabatoro.

Na mimi nilikuwa langoni, nimekumbatia jerikeni iliyokatwa mdomo. Ndani yake... chura.

Ndiyo, chura! Damu yote ile ilimwagika kwa ajili ya chura.

Ngojeni nirudi nyuma kidogo.

Alikuja mwaka jana ndani ya mkungu wa matoke kutoka Nyakalengija. Kijani, mdogo kama kidole gumba, vidole vinanata ukutani kama gundi. Nikachukua ufagio nimtoe. Akaruka, akakaa juu ya picha ya marehemu, akaanza kuimba.

Wapendwa, tangu nimzike mume wangu, nyumba ile nilikuwa naisemesha na hainijibu.

Nikaweka ufagio chini.

Nilimwita Katekista, maana kila jioni saa ya sala lazima aanzishe wimbo. Nikampa beseni lenye majani ya mgomba na maji ya mvua, nikalifunika na kipande cha chandarua. Mkono wenye sabuni haumgusi! Chakula chake nzi na kumbikumbi, tena wawe hai. Ukimpa aliyekufa anakutazama kama umemtukania mama.

Na mguuni nilimfunga uzi mwekundu, niliouchomoa kwenye sweta ya marehemu. Si munajua tunavyomfunga kuku kitambaa mguuni ili jirani asiseme ni wake? Basi mimi nilifunga chura. Nani angeiba chura? Uzee huo, musiniulize.

Ghafla akaacha kula.

Nzi anapita mbele ya pua yake, yeye anajibana konani. Haimbi. Nikisogea, anajigonga kwenye beseni kama mwizi aliyezungukwa. Mbavu zikaanza kuonekana.

Nililia, sitaficha. Halafu nikasimama katikati ya uani.

"Musikie wote! Nikimjua aliyemfanya Katekista hivi... namvulia nguo!"

Majirani wakawaita watoto wao ndani.

Huku kwetu mama mzee akikuvulia nguo hadharani, wewe umekwisha. Laana hiyo haina dawa. Na kwa Waacholi, wanasema ni mbaya kuliko risasi. Mwili wenyewe ulivyo sasa, hata mimi nikioga nafumba macho.

Ojara alikuwa anakunywa chai. Kikombe kikamponyoka. Nikadhani chai ni moto.

"Mama, usivue! Mimi nitafanya uchunguzi. Wa kijeshi!"

"Asante, mwanangu."

"Mungu ni shahidi, mimi hiyo chura sijawahi kuigusa."

"Nani amekuuliza?"

"Nasema tu, mama."

Macho ya watu yote yakamwendea Blasio. Kwa nini? Kwa sababu aliwahi kusema kilabuni, mbele ya walevi wenzake: "Hiyo chura ya shemeji ni shetani. Iko siku nitaitia chumvi." Na chumvi inaua chura, hilo kila mtoto wa Bwera anajua.

Kwa kweli hata mimi nilimshuku.

Asubuhi nikamtia Katekista kwenye jerikeni na maji yake, nikapanda gari mpaka Kasese kwa daktari wa mifugo.

"Mama, mimi natibu ng'ombe."

"Basi fikiria ni ng'ombe aliyekonda sana."

Akacheka. Lakini alimtazama vizuri, akampitishia nzi mbele ya macho, akatikisa kichwa.

"Haumwi huyu. Anaogopa tu. Wanakuwa hivi wakitoka porini. Ulimkamata juzi?"

"Juzi! Huyu nimeishi naye mwaka!"

"Ajabu. Anafanya kama hajawahi kuona mtu."

Nikaondoka namtukana kimoyomoyo. Msomi mzima hajui chura!

Ndipo nikafika nyumbani... nikakuta uchunguzi wa kijeshi.

Ojara alikuwa amemrusha Blasio kichura kuzunguka uani mpaka magoti yakachubuka, nyama nje. Mzee wa watu, mwenye wajukuu! Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba kama ndizi. Vilikanyagwa.

"Sema! Chumvi ulitia lini?"

"Sijatia! Nilisema tu, ilikuwa pombe!"

"Unadanganya jeshi?"

Panga likapanda. Likashuka...

Nikafumba macho. Nilipofumbua, nusu ya sikio la Blasio ilikuwa chini kwenye majani ya mgomba, na yeye analia kama mbuzi.

"Hiyo ni sikio," Ojara akasema, anahema. "Sasa inakuja shingo."

"Ua! Ua!"

"Teopista!" Blasio akalia. "Waambie! Teopista!"

Hajawahi kuniita jina. Siku zote ni shemeji, shemeji. Mtu akikuita jina hivyo, ujue ameshaanza safari.

Nikachovya kidole kwenye maji ya jerikeni, yale yale ya beseni. Nikaramba. Musinitemee mate, nilikuwa na haraka!

Hayana chumvi. Hata kidogo.

Nikainama nimtazame chura. Uzi ni ule ule mwekundu wa sweta. Lakini fundo...

Mimi nafunga fundo la kuku, moja tu, mkia mrefu. Hili lilikuwa limezunguka mara mbili, mkia umechomekwa ndani, hauonekani. Macho yangu ya uzee yalikuwa yanaangalia rangi siku zote, hayakuangalia fundo!

Daktari alisema kweli. Huyu si Katekista! Huyu ni mgeni aliyevalishwa uzi wa marehemu.

Nikatazama watu wote pale. Nani anafunga hivi?

Kupiga kelele kungesaidia nini? Watu walikuwa wamenusa damu. Kwa hiyo nikafanya ninachokijua, ujanja. Nikarudi nyuma pole pole mpaka kwenye mti, nikamfungua mbuzi wangu, nikampiga teke la matako.

Mbuzi akaingia katikati ya watu kama ametumwa na shetani!

"Mbuzi yangu! Afande, mushike!"

"Mama, niko kazini!"

"Huyo mutu hawezi kukimbia, umemvunja! Funga mbuzi kwanza! Hiyo ni amri!"

Askari ni askari. Akisikia neno amri, mwili unatii kabla ya kichwa. Panga likawekwa chini. Robinah akalikalia upesi, Mungu ambariki. Ojara akamkamata mbuzi, akamvuta mpaka kwenye mti, akafunga.

Mikono ikafanya kazi yenyewe. Kamba ikazunguka mara mbili. Mkia ukachomekwa ndani.

Nikatembea mpaka pale. Nikamtoa chura, nikaunyoosha mguu wake pembeni ya kamba ya mbuzi.

"Robinah, njoo utazame. Hii fundo unaijua?"

Robinah akatazama kamba. Akatazama mguu wa chura. Akatazama miguu ya mume wake.

"Mama... ni ile anafungaga buti."

Mawe yakaanza kuanguka chini, moja moja. Yule wa mwiko akauficha nyuma.

Blasio leo yuko hai. Sikio moja na nusu, vidole viwili havikunji, chumvi bado anauza. Yule chura mgeni nilimfungua uzi, nikamrudisha mto Lhubiriha. Uzi nimerudisha kwenye sweta. Na kila jioni saa ya sala nasikiliza, nasikia ukuta tu.

Wanangu munaosoma hii, mushike neno moja la bibi yenu: kwenye matanga, anayelia kushinda wenye maiti, muulizeni alikuwa wapi marehemu akikata roho. Na kabla hujainua jiwe na wenzako, kwanza ramba maji.

Lakini bado sijawaambia Ojara alivyojibu.

Nilisimama mbele yake. Nikashika fundo la kitenge changu kiunoni, nikaanza kulilegeza taratibu, watu wote wanaona. Lile jitu refu likapiga magoti! Lile lile lililokuwa linakata masikio ya wazee!

"Mama, usivue! Nakuomba, mama!"

"Afande, uliapa kwa Mungu chura wangu hujawahi kumgusa."

Akafunika uso kwa mikono yenye damu ya Blasio.

"Kwa mkono, mama, sijawahi," akasema, sauti ndogo kama ya mtoto. "Ilikuwa kwa buti."